Kwa Baba Rehema, kuhusu mbegu ulizoniomba

Tucson, Arizona
12 Oktoba

Ndugu yangu mpendwa Baba Rehema,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama Rehema na watoto mkiwa wazima wa afya. Nasi huku hatujambo, ila joto tu, ambalo hata mwezi huu wa kumi halijataka kuaga. Barua yako ya Februari ilinifikia, nikaisoma mara mbili, kisha nikakaa kimya miezi minane. Mitatu ya kwanza ilikuwa uvivu, na sina la kujitetea; mitano iliyofuata ilikuwa haya. Uliniomba mbegu za ule msaipresi wa bluu uliouona nyuma ya maharusi kwenye picha, na kila nilipoketi kukujibu nilitazama dirishani nikauona mti wenyewe umesimama pale, wa kijani kama saipresi yoyote ya kwetu Shume. Aliyeubadili rangi ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa Mei, ambao huku ni ukavu mtupu mpaka mvua za Julai. Matawi ya ndani yalianza kuwa na rangi ya kutu. Nilishtuka, kwa sababu mawazo yalinirudisha moja kwa moja kwenye vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa saipresi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na ambao kufikia mwaka 1990 walikuwa wamekwisha kuingia Kenya, na sisi tuliokuwa katikati ya njia yao tukabaki na ule ua wa saipresi wa shule uliokauka upande mmoja hadi Mwalimu Mkuu akaamuru ukatwe. Unakumbuka ni nani waliopewa kazi ya kuung'oa visiki? Basi nikagongagonga tawi juu ya karatasi nyeupe, na likadondosha vumbi jekundu ambalo, nilipolitazama vizuri, lilikuwa linatembea. Hawakuwa vidukari, walikuwa utitiri. Nikaenda kwenye duka la miche, kijana mmoja akaniuzia mafuta ya kupulizia, akaniambia hayana sumu na kwamba hata paka hayamdhuru. Jumapili jioni nikapulizia mti mzima mpaka ukawa unatona.

Asubuhi yake shemeji yako aliniita nje kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku nilipoligonga gari getini. Mti ulikuwa umevuliwa nguo.

Wewe umekulia kwenye miplamu, kwa hiyo utanielewa haraka kuliko watu wa huku. Plamu ikitoka mtini huwa na ukungu wa bluu juu ya ganda, na ukiisugua kwa kidole gumba ukungu unatoka, ganda linang'aa. Bluu ya mti huu ndiyo hiyo hiyo. Si rangi ya jani. Jani ni la kijani, na juu yake kuna nta nyembamba ambayo mti hujipaka wenyewe, nayo inasaidia kuzuia maji yasipotee kwenye jua kali la nchi hii. Mafuta yanaiondoa nta hiyo. Nilipoirudia chupa niliona kwamba onyo lilikuwa limeandikwa, tena waziwazi, kwa maandishi ya ukubwa wa wale utitiri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa haikuhitajika. Utitiri hupenda mti wenye kiu, na mti wangu ulikuwa na kiu kwa sababu nilikuwa nikiumwagilia dakika kumi kila jioni, kama mchicha. Maji yale yalikuwa yanalowesha juu tu. Chini ya bustani yangu kuna tabaka gumu la chokaa ambalo wenyeji wanaliita kaliche, na wakati wa kupanda, miaka sita iliyopita, nilihitaji mtaimbo na sururu ili nilitoboe. Sasa nauacha mpira wa maji utiririke polepole usiku kucha, tena si shinani bali pale matawi yanapoishia, mara moja kila wiki mbili, hadi nondo ya chuma nikiichomeka iingie mkono mzima bila kubishana nami.

Mvua za Julai zilipofika, ncha mpya zikachipua za bluu. Kwa hiyo kwa sasa mti una bluu kwa nje na kijani kwa ndani, kama ndevu za mzee aliyepaka hina mvi zikaanza kuota upya. Shemeji yako, ambaye kama mtoto wa mchungaji anashikilia kuuita mberoshi kwa kuwa ndivyo ulivyoandikwa katika Biblia, anasema mti umeanza kunisamehe. Mimi sina hakika, kwa sababu mwezi uliopita niliona vitawi kadhaa vimevunjika na kuning'inia, na nilipokipasua kimoja nilikuta kimetobolewa ndani, kazi ya bungua mdogo asiyefika hata nusu ya punje ya mchele. Kwenye vitawi hana madhara makubwa. Akiingia chini ya gome la shina, hakuna dawa ya kumtoa, na kinachobaki ni msumeno. Kila asubuhi, kabla ya chai, ninazunguka shina nikitafuta matundu.

Sasa niseme juu ya mbegu. Nilichuma vitufe kumi na viwili, kila kimoja sawa na gololi kubwa, vigumu kama jiwe, kwa maana porini mti huu huvifunga kwa miaka mpaka moto upite. Niliviweka kwenye mfuko wa karatasi mbele ya usukani mwezi wa Agosti, vikapasuka vyenyewe. Mbegu ninazo. Lakini wangu ni mti wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kilichounganishwa kwenye shina la mwingine, uliochaguliwa kwa rangi yake, na mbegu hazifuati sura ya mama. Ndugu zake nimewaona porini, kwenye korongo la milima ya Chiricahua, saa mbili kwa gari kutoka hapa, na humo mmoja ni wa kijivu, mwingine wa kijani kabisa, wote wakiwa kando ya kijito kimoja. Vilevile siwezi kukutumia ndani ya bahasha hivi hivi. Zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na baada ya vile vidukari sitaki kuwa mimi wa kuleta mgeni mwingine.

Nisaidie basi. Je, unaweza kupita TAFORI, wale watafiti wa misitu, hapo Lushoto uwaulize ni kibali gani kinachohitajika upande wenu? Mahali unapotaka kuupanda ni pale mbele ya baraza, penye udongo mzito unaotuamisha maji, au juu kwenye mteremko? Ukungu bado unakaa mpaka saa nne asubuhi kama zamani? Ua wa shule walipanda nini badala yake? Na baba mdogo, mguu wake unaendeleaje, au bado anaukataa mkongojo?

Mimi nduguyo,
Salehe