Barua kwa mwanangu: kabla hujachora mti wa ukoo

Mwanangu,

Zoezi lenu la kwanza la anthropolojia, somo la jamii za watu na mila zao, yaani kumhoji mtu na kuchora mti wa ukoo wake, lisikuhangaishe, ila lifanye kwa mpangilio. Chukua karatasi kubwa na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, vistari viwili sambamba ni ndoa, mstari wa mshazari unaokata alama ni marehemu. Unayemhoji mweke chini kidogo ya katikati, maana wazee watataka nafasi juu. Mume mwenye wake wawili, kila mke apate vistari vyake, na watoto washuke kwa mama yao. Ukiwaning'iniza wote kwa baba, hutajua tena nani kazaliwa na nani.

Wengi wanaharibu kwenye maswali. Usiulize "una ndugu wangapi?" Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu kabisa, kwa hiyo utaandika ndugu kumi na wawili wa mama aliyezaa wanne. W.H.R. Rivers, mtafiti Mwingereza aliyekusanya nasaba za watu katika visiwa vya Mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898, alijibana kwa maneno matano tu: baba, mama, mtoto, mume, mke. Nawe uliza hivi: "Mama aliyekuzaa anaitwa nani? Alianza kumzaa nani? Akafuata nani?" Andika majina matupu. Mti ukikamilika ndipo urudi, kidole juu ya kila jina: "Huyu unamwitaje? Naye anakuitaje?"

Hapo ndipo utamu ulipo. Kaka wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada wa mama ni mama. Lakini dada wa baba ni shangazi, na kaka wa mama ni mjomba. Watoto wa wale wa kwanza ni kaka na dada zako. Wa hawa wawili ni binamu. Tena tazama neno lenyewe: kwa Kiarabu ni mtoto wa ami, ndugu wa baba, nalo kwa wengi wetu limehamia kwa watoto wa shangazi na mjomba!

Wanaosahaulika ni watoto waliofariki wachanga na mabinti walioolewa mbali. Uliza taratibu, "Kati ya huyu na huyu hakupita mwingine?" na usiulize mbele za watu. Mtu akikataa kutaja jina la mkwe wake, usimlazimishe. Mpe mkwe namba, kisha andika pembeni kwamba jina halitajwi, maana nalo ni jibu.

Mama yako