Mawimbi Yanayotoka Kwenye Fuwele

Swahiba,

Salamu nyingi, na pole na joto la huko Dar. Kwenye simu uliniuliza kwa nini nyinyi mafundi redio mnaishia gigahezi (mitetemo bilioni kwa sekunde), ilhali mwanga wa leza uko juu kabisa. Katikati hapakaliki? Panakalika, ila kwa taabu. Transista hulegea ikipanda kuelekea terahezi, yaani gigahezi elfu moja, na leza nayo husumbua ikishuka. Maelezo yangemaliza salio, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwaka 1962 kijana wa Cambridge, Brian Josephson, wa miaka 22 tu, alikokotoa kwamba supakondakta mbili (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana) zikitengwa na utando mwembamba usiopitisha umeme, jozi za elektroni zitavuka hata hivyo. Ukiweka volteji tulivu, isiyobadilika, mkondo huo unapwita wenyewe: milivolti moja, takriban gigahezi 484. Hakuna koili wala kapasita. Nakuona ukizunguka na mita yako ukitafuta kinachotetemesha!

Kiungo kimoja cha namna hii, supakondakta mbili na utando katikati, hutoa nguvu kiduchu mno. Lakini ipo fuwele ya bismuthi, strontiumi, kalisi, shaba na oksijeni ambayo tabaka zake zimejipanga hivyo tangu ilipokua: kila nanomita 1.5, kiungo kimoja. Kimo cha mikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita, kina viungo zaidi ya 600, na hakuna mkono wa mtu uliovipanga. Hapo ndipo mimi huvua kofia.

Mwaka 2007 watafiti wa maabara ya Argonne, Marekani, na wenzao wa Japani na Uturuki, walichonga kijilima kwenye fuwele hiyo, wakapata mawimbi ya eneo hilo la terahezi. Siri ni viungo vyote kupwita pamoja, kama wavuvi wanaovuta juya: kila mtu akivuta kwa wakati wake, wavu hausogei. Anayewapa mdundo ni kijilima chenyewe, kwani mawimbi hugonga kingo na kurudi ndani, hivyo upana ndio unaochagua masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Cha mikroni 40 kilifika terahezi 0.85, cha mikroni 100 hakikufika hata nusu ya hapo. Nguvu ilikuwa nusu ya mikrowati. Usicheke, baadaye vijilima vitatu kwa pamoja vilipita nusu ya miliwati.

Kinachowatesa ni joto. Fuwele hii haipitishi joto vizuri, basi ukizidisha mkondo katikati panapamba moto na sehemu hiyo inaacha kuwa supakondakta.

Wanaotuahidi kukaguliwa kwa mawimbi ya terahezi viwanja vya ndege siwaamini sana. Mvuke wa maji hewani huyameza mawimbi haya, na kifaa cha 2007 kilitaka kelvini 50 (kama nyuzi 223 chini ya sifuri) kushuka chini, baridi ambayo hata nitrojeni ya kimiminika haifiki. Kutambua gesi ndani ya maabara, hapo sawa, maana molekuli nyingi zina masafa yake humo.

Nisalimie shemeji na watoto. Niandikie kama hesabu ya upana na masafa unaitaka, nitakutumia.

Wako,
Mwinyi