Kibodi ya laki nne haifupishi njia ya Johannesburg

Mhariri,

Ninalisoma gazeti lenu tangu enzi za kugombania nakala kibandani pale Kabwe, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Nilinyamaza hata siku ile mlipoiweka Tukuyu mkoani Iringa. Ila ile habari yenu ya kibodi za gemu, Mhariri, siwezi kuimeza.

Mnaikumbuka bila shaka. Mwandishi wenu aliketi na vijana wa hapa Mbeya kwenye chumba chenye taa za kila rangi, akatoka na hukumu kwamba kijana anayetaka kushinda gemu za mtandaoni asinunue kibodi ya chini ya laki nne. Hakumuuliza fundi. Hakumuuliza mtu yeyote anayekula kwa kubonyeza vitufe. Mimi ningemjibu bure, kwa sababu nina stesheneri: nachapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, mihtasari ya vikao vya vikoba, na taarifa za utafiti za wanachuo wanaonijia jioni wakati kazi inatakiwa kesho asubuhi.

Kibodi ya elfu kumi na tano ndani yake ina karatasi ya plastiki na vikombe vya mpira. Mpira ukichoka, herufi A inataka kupigwa kofi ndiyo itokee. Kibodi ya mekanika kila kitufe kina swichi yake na springi yake, ndiyo maana inadumu. Swichi za MX za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, zilizoingia sokoni miaka ya 1980, zilikuwa zikitangazwa kuhimili mibonyezo milioni 50 kwa kitufe kimoja, na sasa hivi nyingine zinatajwa kwa milioni 100. Hataza ya Cherry, yaani haki ya kuzitengeneza peke yake, ilipokwisha muda wake, zaidi ya miaka 10 iliyopita, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vikatengeneza swichi za mtindo uleule, bei ikaporomoka. Leo kwa laki na kidogo mtu anapata kibodi ya mekanika ya kweli. Hiyo laki tatu inayobaki inalipia nini? Taa, na jina la gemu kwenye boksi.

Mwandishi wenu anasema inalipia kasi. Haya, tuhesabu. Kibodi ya kawaida ya ofisini hutuma taarifa kwa kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ya gemu hutuma mara 1,000, kila milisekunde moja. Zile za bei ya kutisha alizozisifia hutuma mara 8,000. Sawa. Lakini binadamu mwenyewe, tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze, hutumia kama milisekunde 200, na hapo hajalala vibaya wala hana vidole vya baridi ya Juni. Kisha kuna safari. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha mchezo, za Counter-Strike 2, ile gemu ya kurushiana risasi, zilizo jirani nasi ziko Johannesburg, na kutoka Mbeya hadi huko ni kama kilomita 2,000 kwa ndege. Hata waya wa intaneti ungenyooka kama rula, mwanga unaobeba taarifa ndani yake ungehitaji kama milisekunde 20 kwenda na kurudi, na waya haunyooki. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima ilikaa ikitazama duara linazunguka kwenye kioo. Sikuona kibodi ya laki nne iliyozamia baharini kuziunganisha. Kijana anacheza kwa bando la usiku, mtandao unapanda na kushuka, halafu mnamwambia tatizo lake ni milisekunde saba za kibodi!

Sisemi kila kitu ni upuuzi. Kibodi za bei rahisi nyingi hukwama ukibonyeza vitufe vitatu au vinne kwa pamoja, na mcheza gemu hilo linamuumiza kweli. Zipo pia za sumaku, kama za Wooting ya Uholanzi, ambazo kitufe huachia mara tu kidole kinapoanza kuinuka. Wanaocheza kwa zawadi za fedha wana sababu ya kuzitaka. Lakini hata huko, Agosti 2024 Valve, wenye Counter-Strike 2, walikataza kwenye seva zao rasmi ule ujanja wa kibodi yenyewe kumgeuzia mchezaji mwendo wake, kazi ambayo vidole vyake vilipaswa kuifanya. Hilo mwandishi wenu hakuligusa.

Sasa niwaambie habari yenu ilifanya nini nyumbani kwangu. Mtoto wa kaka yangu yuko chuo hapahapa mjini. Akaisoma kwenye simu, akachukua fedha aliyoipata likizoni kwa kubeba maparachichi, akaenda dukani, akarudi na boksi amelikumbatia. "Shangazi, hebu sikia inavyolia." Nikabonyeza kidogo tu, vidole vyangu vikakataa. Nikaagiza kisu cha siagi. Nikachomoa kitufe cha P, na ndani, Mhariri, kulikuwa na kikombe cha mpira mweupe, ndugu wa damu wa kile cha kibodi yangu ya elfu kumi na tano! Kugeuza boksi, chini kabisa, kwa herufi za kutafutiwa miwani, wameandika kwamba ina "hisia" za mekanika. Tukafuatana hadi dukani, mimi mbele, yeye nyuma akitazama viatu vyake. Muuzaji hakuinua hata kichwa: "Mama, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, soma risiti." Risiti ipi? Alimpa kipande cha karatasi cha mkono kisicho na jina la duka, eti mashine ina hitilafu. Mashine za risiti za mji huu zina ugonjwa wa ajabu: mteja akiwa kijana zinaugua, akiingia mtu mwenye kitambulisho shingoni zinapona papo hapo. Na lile tangazo la kutorudisha mali limebandikwa kila duka utadhani ni aya ya Katiba. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, tuna Tume ya kumlinda mlaji, na bado mtu anauziwa mpira kwa bei ya springi mchana kweupe, kisha anaambiwa asome risiti!

Pendekezo langu ni hili. Kila duka linalouza kibodi za gemu lifunge kichomoa vitufe mezani kwa kamba, kama kalamu za benki, na mteja aruhusiwe kuchomoa kitufe kimoja anachokitaka mwenyewe, si kile anachochaguliwa, kabla hajatoa hata shilingi. Na gazeti likirudia habari za aina hii, liweke picha ya kilicho chini ya kitufe badala ya picha ya taa.

Mwandishi wenu naye namkaribisha stesheneri siku yoyote ya wiki ya kukabidhi tafiti, aje na kibodi yake anayoisifia. Kazi ya kurasa 60 ipo, umeme nao ukikatika atasubiri na sisi. Kichomoa cha kumwazima ninacho. Atakirudisha, maana mimi napokea vitu vinavyorudishwa.

Mchapaji,
Kabwe, Mbeya