Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: vitabu, ada, na ule uamuzi wa mwezi wa tatu

Ndugu wanachama, salamu kwenu wote, mliokuja na msiokuja.

Shughuli za mwaka za chama chetu cha kusoma vitabu vya dini na falsafa mnazijua wenyewe, nitapita haraka. Tumekaa vikao 20. Tumemaliza Dhammapada ya Wabudha beti zote 423, Bhagavad Gita ya Wahindu sura 18, Surat Luqman ya Kurani, kitabu cha Mhubiri cha Biblia, Utetezi wa Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki, alioandika Plato mwanafunzi wake, na Tao Te Ching ya Wachina yenye sura 81 fupi fupi ambazo kila mtu alidhani tutazimaliza siku moja. Epictetus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, tulianza tukaishia katikati. Kwenye rejista tuko 43, waliolipa ada ni 16, wastani wa mahudhurio ni 11, kikao kilichojaa walikuja 27 na kilichopoa tulikuwa 5 mimi nikiwemo. Mweka hazina ana daftari lake, anayetaka kuliona aombe.

Sasa niende kwenye lile jambo ambalo najua ndo mnalisubiri.

Mwezi wa tatu nilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atawasilisha kitabu cha dini yake mwenyewe. Mkristo aeleze Luqman, Mwislamu aeleze Mhubiri, asiye na dini achukue Gita, alafu akimaliza, kama mwenye dini hiyo yupo kikaoni, aseme kama amejiona kwenye maelezo yale au hajajiona. Kama hajajiona tunarudia. Wapo waliosema nachanganya imani za watu, wapo waliosema nimejifanya mfalme, na watatu wameondoka kabisa. Nimeumia, siwezi kuficha, maana mmoja wao tulianza naye siku ya kwanza kabisa.

Kura sikuitisha, hilo ni kweli. Lakini katiba yetu inampa mwenyekiti kazi ya kupanga utaratibu wa usomaji, na kabla ya hapo hali ilikuwa mnaijua. Mwenye dini anakuja kueleza kitabu chake, anaanza vizuri, baada ya dakika kumi inakuwa mahubiri, mwenye dini nyingine anakunja mikono anasubiri amalize ili amjibu, na kitabu chenyewe kiko mezani kimefungwa. Hatukujiunga kushindana, tulijiunga kusoma.

Na hili sikulitoa kichwani kwangu. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, wengi tunamjua kwa kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, lakini huyo huyo aliandika kingine, Maqasid al-Falasifa, cha kueleza tu wanafalsafa wanasema nini, bila kuwapinga. Kile kikatafsiriwa kwa Kilatini, na wasomi wa Ulaya walipokisoma wakadhani huyu bwana ni mfuasi wa Ibn Sina, mmoja wa wanafalsafa haohao aliowapinga! Yaani alieleza hoja za watu asiokubaliana nao kwa uaminifu mpaka akahesabiwa ni mwenzao. Alafu Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu, alipokuja kumjibu Ghazali kuwatetea wanafalsafa, naye ananukuu kwanza maneno ya Ghazali kipande kwa kipande ndo anajibu. Hawa walikuwa na msimamo mkali kila mmoja, hakuna aliyechanganya imani yake. Na Ashoka, mfalme wa India wa karne ya 3 KK, amri yake ya 12 aliyoichonga kwenye miamba inasema anayesifu dini yake na kuponda za wengine anaiumiza dini yake mwenyewe. Mimi nimewaomba kitu kidogo kuliko hicho.

Mliokuwepo siku ya Luqman mtakumbuka. Kijana wetu Mkristo alikuwa anakimbilia zile nasaha za mwishoni, usitembee kwa maringo, punguza sauti yako, akaruka aya ya 14. Mama mmoja wa Kiislamu akamwambia, mwanangu, hapo umepita haraka, rudi. Akarudi akasoma pale mama anapobeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, na kumwachisha ziwa katika miaka miwili. Akanyamaza kidogo, akasoma tena mara ya pili bila kuambiwa. Yule mama akasema, sasa nimejiona. Mimi kwa kikao kile kimoja nasimama na uamuzi wangu, hata mwakani nikiulizwa nitasema hivohivo.

Wanaosema uamuzi ndo umefukuza watu waangalie rejista. Kile kikao cha watu 27 kilikuwa cha kwanza, mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili tulishakuwa 14, na hapo sikuwa nimetangaza chochote. Watu walipungua tulipoanza kusoma kweli, maana wengi wanapenda kusikia habari za falsafa ila kukaa na ukurasa mmoja saa nzima hawataki. Socrates alihukumiwa kwa kura, Athens, mwaka 399 KK, na kwenye Utetezi anashangaa kwamba kura 30 tu zingehamia upande wa pili angeachiwa huru. Sijifananishi naye, ila namba hiyo inanirudia kila nikihesabu viti vitupu. Mnadai kura, sawa, kura inapigwa na aliyekuja.

Ada nayo. Ada ndo inalipa chumba na nakala. Nakala si anasa jamani, mnakumbuka ubeti wa kwanza wa Dhammapada, ule wa gurudumu linalofuata mguu wa ng'ombe avutaye gari? Tafsiri moja iliandika mateso, nyingine ikaandika kutoridhika, neno la Kipali, lugha ya kitabu chenyewe, ni lilelile, dukkha, na tusingekuwa na tafsiri zote mbili mezani tungepita tu. Zile nakala za pili nilizitoa mfukoni mwangu, na muhtasari wa vikao vyote 20 nimeuchapa mimi usiku baada ya kazi. Sidai nirudishiwe, nataka ijulikane tu. Wanachama 27 hawajatoa kitu na baadhi yao ndo wa kwanza kulalamika vitabu havitoshi.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutajaribu Marcus Aurelius, mfalme wa Roma aliyekuwa mwanafalsafa, na Mazungumzo ya Confucius, mwalimu wa Kichina, kama tutapata tafsiri inayosomeka. Nilikuwa na wazo la kualika mtu anayejua Kigiriki, tutaona. Utaratibu wa mwezi wa tatu unaendelea, anayeupinga aje aupinge kikaoni, nitamsikiliza mpaka amalize.

Kikao cha kwanza tunaanza na Epictetus pale tulipoachia. Na aliyeondoka na nakala ya Gita ya chama, ile yenye maandishi ya penseli pembeni, naomba airudishe, yale maandishi ni ya watu sita tofauti na hatuna mahali pengine tulipoyaandika.

Mwenyekiti wenu