Mguu umekatwa, dawa bado

Mbeya, Jumapili jioni

Mpendwa Sekela,

Ndaga. Barua yako imefika pamoja na picha ya Ambakisye, mtoto wa kaka yako, na magongo yake. Huku kwetu wote hatujambo. Umeuliza mengi: chakula, baridi ya Tukuyu, shule. Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, eti wazee wanasema mguu mbaya umeshakatwa, sasa safari za Dar za nini tena. Naanza na hilo, maana hapo ndipo uhai wake ulipo.

Osteosakoma, hiyo saratani ya mfupa aliyo nayo, huwapata zaidi vijana wa rika lake, mifupa inapokuwa kwenye mbio za kurefuka, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Tabu yake ni kwamba siku inapogunduliwa, kwa wagonjwa wengi mbegu zake zimeshafika mapafuni, ndogo mno kuonekana kwenye picha. Kabla dawa za dripu za kuua saratani (kemotherapi) hazijaanza kutumika kwa ugonjwa huu miaka ya 1970, watu walikatwa mguu, kidonda kikapona vizuri, na bado wengi wao, kama 8 kati ya 10, ugonjwa uliwarudia, hasa mapafuni. Waambie wazee hivyo hivyo: upasuaji umeondoa uvimbe, dripu zilizobaki zinawinda kilichotoroka.

Ila wazee wataelewa. Wa kumwangalia zaidi ni Ambakisye mwenyewe. Ana miaka 17; akisema "nimechoka" hakuna atakayembeba kumpandisha basi. Na kijana anayefika hapo mara nyingi ni yule ambaye ugonjwa wake unajadiliwa sebuleni yeye akiwa chumbani. Msimfiche jina la ugonjwa. Pale Ocean Road, anakotibiwa Dar, ni Taasisi ya Saratani, imeandikwa, naye anajua kusoma. Mweleze imebaki mizunguko mingapi, dawa gani, zinafanya nini, kisha umwache aulize, hata lile swali la kufa. Akiuliza usimkatishe kwa "tumwachie Mungu". Mjibu kwanza, mtasali baadaye.

Mnunulie kaunta buku, alishike yeye. Ukurasa wa kwanza aandike aina ya ugonjwa, tarehe ya upasuaji, jina la kila dawa na kiasi alichopewa. Kiasi kina maana: doksorubisini, moja ya dawa za dripu zake, ina kiasi ambacho mtu hatakiwi kukipita maisha yake yote kwa sababu hudhuru moyo, na miaka 10 ijayo daktari mwingine atataka kujua alishapewa ngapi. Faili hubaki hospitali, daftari atahama nalo. Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu ni rangi ya dawa hiyo, si damu. Kichefuchefu cha sisplatini, dawa yake nyingine ya dripu, nacho huweza kuja siku ya pili au ya tatu, mmeshadhani yameisha, kwa hiyo vidonge vya kuzuia kutapika anywe kwa ratiba yote aliyoandikiwa, hata kama anajisikia vizuri. Masikio yakianza kulia, aseme kabla ya dripu inayofuata. Sisplatini huharibu usikivu, na ulioharibika haurudi.

Sasa homa. Hapa soma polepole, halafu mpe naye asome.

Kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na kijidudu cha kinywani mwake mwenyewe kinaweza kummaliza ndani ya siku moja. Nunua kipimajoto cha dijitali. Apime mwenyewe asubuhi na jioni, kwapani, mkono umebana mpaka kilie. Ikifika 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama namba ni ndogo, hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Msimpe Panadol kwanza. Itashusha joto na kuficha dalili wakati ugonjwa unaendelea kupanda. Kosa linalojirudia ni hili: anapimwa malaria, inakutwa, anapewa dawa yake na kurudishwa nyumbani. Malaria ipimwe, sawa, lakini hata ikikutwa bado anahitaji kipimo cha picha kamili ya damu na antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike. Msikae foleni kimya. Pale hospitali ya Makandana aseme mlangoni: "Niko kwenye dawa za saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Aikariri. Aongeze kwamba amepewa sisplatini, kwa sababu jentamisini, ambayo hutolewa sana kwa homa kali, huumiza figo na masikio yale yale. Kuna wakati daktari hana budi kuitumia, basi aamue akijua. Kwa ajili ya figo hizo hizo, diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa marufuku.

Chakula hakina miiko mingi. Maziwa na maji vichemshwe, kachumbari isubiri zile siku za hatari zipite, parachichi lioshwe kabla ya kukatwa. Akipata vidonda mdomoni, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, asukutue mara 4 au zaidi kwa siku, na mswaki uwe laini. Mizizi ya mganga asichanganye na dripu. Na kikombe chake kisitengwe jamani, saratani haiambukizi.

Kwenye picha nimeona mto chini ya kigutu. Uondoe. Anaona raha, lakini nyonga inakaza ikiwa imekunjika, na baadaye mguu wa bandia hautamkaa. Alale kifudifudi dakika 20 hivi, mara mbili au tatu kwa siku. Maumivu ya vidole ambavyo havipo tena ni ya kweli. Si kurogwa wala si utoto. Zipo dawa zake, amwambie daktari. Magongo nayo yanaonekana marefu: juu pabaki nafasi ya vidole vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Akining'inia kwa makwapa, neva hubanwa na mikono kufa ganzi. Mpira wa chini ukishalainika kama soli kuukuu, badilisha siku hiyo hiyo. Kwa matope yenu ya Tukuyu ataanguka tu. Cha choo umesahau kuuliza. Choo cha kuchuchumaa kwa mguu mmoja ni ajali. Toboa kiti imara cha plastiki katikati, kiwekwe juu ya tundu, na fundi apigilie mti ukutani wa kushikilia. Shuleni ombeni vivyo hivyo, pamoja na darasa lisilo na ngazi na dawati la mbele kwa ajili ya masikio.

Safari. Sisplatini inataka anywe maji mengi siku zinazofuata, lakini kwenye basi atajinyima, kwa sababu likisimama porini watu "wachimbe dawa" yeye na magongo hawezi kushuka kwenye majani. Mpe chupa tupu ya mdomo mpana na shuka la kujifunika, na muongee na kondakta mapema kwamba vituo vyake ni vile vya hotelini. Kidonge cha kuzuia kutapika anywe nusu saa kabla ya kona za Kitonga.

Bima mwiangalie sasa. Kama yuko kwenye kadi ya watoto, hiyo inaishia miaka 18, na dripu haiwezi kusubiri mpaka mpate nyingine. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hajatimiza, umuulize na kuhusu msamaha wa gharama.

Limebaki la aibu. Dawa hizi zinaweza kupunguza mbegu za kiume, kwa muda au moja kwa moja. Lilitakiwa kusemwa kabla ya dripu ya kwanza. Kama halikusemwa, aambiwe sasa, na ajue kwamba baadaye kuna kipimo. Aambiwe pia kwamba hiyo si kinga: kondomu wakati wote wa matibabu na miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, daktari amwambie mingapi, kwa sababu dawa huweza kudhuru mimba. Mtafute muuguzi wa kiume azungumze naye, wewe ukae nje. Hata kliniki ya kawaida, omba kila mara apewe dakika 10 na daktari bila wewe. Kuna mambo hatayasema shangazi akisikia.

Dripu zikiisha ataendelea kupigwa picha ya kifua, kwa karibu zaidi miaka miwili ya mwanzo, na moyo na masikio vipimwe. Kliniki hizo nazo ziingie kwenye daftari.

Niandikie tarehe ya dripu ijayo ukiijua. Mkilala Mbeya njiani, hapa hakuna ngazi na choo ni cha kukaa.

Wako,
Tusajigwe