Mvua inayotoka msituni

Kakamega

Kwako rafiki yangu Chebet,

Pokea salamu nyingi. Huku sote tu wazima, na mvua za masika zimeshika. Uliniuliza kama kompyuta za wanasayansi zinaweza kutuambia mvua itapungua kiasi gani msitu wetu ukifyekwa. Jibu zitatoa. Ila mimi kwanza nitauliza miti imewekwaje humo ndani.

Modeli, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa, huigawa dunia katika miraba, nyingi zikiwa na upande wa kilomita 100 hivi. Yaani mraba mmoja ni kilomita za mraba 10,000, na Msitu wa Kakamega ni takriban 240 tu. Ndani ya mraba huo msitu unamezwa na mashamba ya mahindi na miwa, kana kwamba haupo.

Kinachonisumbua zaidi ni mizizi. Mwaka 1979, mwanasayansi Eneas Salati na wenzake walikadiria, kwa kupima isotopu za oksijeni (yaani aina zake zinazotofautiana uzito) kwenye mvua ya Amazoni, kwamba karibu nusu ya mvua ile ni maji yaliyorudishwa angani na msitu wenyewe. Na wakati wa kiangazi msitu huyatoa wapi? Mwaka 1994 mtafiti Daniel Nepstad na wenzake waliripoti kwamba miti ya mashariki mwa Amazoni hufyonza maji hata zaidi ya mita 8 chini. Modeli nyingi za wakati huo zilikuwa na udongo wa mita chache tu, basi kiangazi kikiingia miti yake huishiwa maji, ilhali ile ya kweli inazidi kutoa mvuke. Modeli ya namna hiyo ukiifyekea msitu, itaona hasara ndogo kuliko ilivyo. Hilo linanitia hofu kweli.

Halafu kuna saa za mvua. Wewe unajua huku asubuhi ni jua, mawingu yanajikusanya upande wa Nandi, radi inapiga alasiri. Wingu kama hilo ni dogo kuliko mraba, kwa hiyo hukadiriwa kwa fomula, na modeli nyingi hunyesha adhuhuri, tena manyunyu ya mara kwa mara. Manyunyu hukaukia kwenye majani yangali juu mtini, maji yakarudi angani bila kugusa mzizi. Jumla ya mwaka yaweza kulingana na vipimo, na bado njia ya maji ikawa ya uongo! Modeli ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, yenye miraba ya kilomita 4.5 juu ya Afrika nzima imekaribia zaidi saa za kweli.

Kile kipimamvua cha shuleni kwenu Nakuru, waambie wanafunzi waandike pia saa mvua inapoanza na inapokatika, si milimita peke yake. Nitumie za Aprili.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Wekesa