Nani atume kadi kwanza?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako maana hii ishu ya kubadilishana kadi za kidijitali watu wanaiongelea juu juu tu. Mimi nililizwa. Tulielewana na jamaa mmoja wa kwenye gemu, mi nampa kadi yangu ya joka, yeye ananipa kadi zake mbili adimu, akasema anza wewe, nikatuma, nikaona pale chini "anaandika..." halafu ikapotea, na yeye akapotea mpaka leo.

Wenzangu wakanicheka eti ningetafuta mtu wa kati. Sawa, na huyo wa kati akitoroka nazo zote tatu? Hata kampuni yenye gemu ikizima seva kesho umekwisha, kadi ilikuwa mstari tu kwenye daftari lao.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Tangu Bitcoin, ile pesa ya kidijitali, ianze 2009 tumeshaona daftari linaweza kutunzwa na kompyuta nyingi bila bosi, kitu hakihami bila saini ya ufunguo wa siri wa mwenyewe, kwa hiyo hata ukiikopi picha ya joka mara mia daftari linamjua mwenye joka ni nani. Ethereum, mtandao mwingine wa daftari la aina hiyo, ikaja 2015 na mikataba inayojiendesha, yaani programu zinazotekeleza makubaliano zenyewe, na hapo ndo swali la nani aanze linakufa: wote tunasaini dili moja, joka linaenda kwako na zako mbili zinakuja kwangu kwa mpigo mmoja, upande mmoja ukikwama dili zima linavunjika kila mtu anabaki na chake.

Sisemi ni pepo. Mwisho wa 2017 ile gemu ya paka, CryptoKitties, ilijaza mtandao wa Ethereum mpaka miamala ikapanga foleni. Na matapeli nao wamehamia kwenye saini, unaletewa kidirisha unabonyeza kubali, kumbe umempa ruhusa ya kuhamisha kadi zako zote za mkusanyiko ule. Jina na picha yeyote anaiga, kwa hiyo mi nakagua anwani ya mkataba, yaani ile programu inayoandika nani ana kadi gani, herufi na namba zote 40, siyo nne za mwanzo na nne za mwisho kama wengi wanavyofanya (macho yanauma kweli).

Sasa wanaotengeneza hizi pochi, yaani programu za kutunzia ufunguo wa siri na kusaini, hicho kidirisha kwa nini kisiandike tu unatoa hiki unapata hiki? Juzi kimeniletea mistari ya sifuri tupu, nikakifunga.

Msomaji wako, aliyeibiwa joka